Mlango wa Chumba cha Wageni

Kasulo, Kolwezi
Jumapili, mwezi wa Machi

Mdogo wangu Bilkisi,

Asalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Ninaomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji na watoto, na ule mguu uliokuwa ukikusumbua uwe umepoa. Ukiniuliza mimi, mwili bado unanitii, isipokuwa magoti, na macho yanayotaka taa mbili pale ambapo zamani ilitosha moja. Mvua za mwaka huu ni nyingi na barabara yetu imekuwa uji. Ninakuandikia kwa mkono kwa sababu Desemba uliniarifu kwamba simu yako imeharibika. Barua nampa Nkulu, dereva wa lori anayekwenda Kalemie, naye huko ataitafutia mtu anayevuka kwa boti kuja Kigoma.

Kwanza nikushukuru kwa kunitumia wageni. Nimefundisha Kiingereza katika nchi hii ya Kongo tangu nilipokuwa kijana mwenye nywele zote, na katika muda huo wote hakuna mtu wa Ujiji aliyewahi kulala nyumbani kwangu. Uliponiarifu kwamba Zakaria na Songoro, wenzangu wa madrasa, watakuja Kolwezi kuuza vitenge, na wakimaliza watafunga safari nami kurudi nyumbani, nilikaa kitini nikashindwa kula. Unajua kwamba tangu mke wangu Ntumba afariki sina neno jingine kinywani ila kurudi. Ulisema chumba cha uani katika nyumba ya baba kimewekwa kwa ajili yangu. Basi nikamwandikia mkuu wa shule kwamba nitaacha kazi wakati wa likizo ya Pasaka, na nikaanza kugawa vitabu vyangu.

Wageni niliwapa chumba cha nyuma, kile ambacho Ntumba alikuwa akishonea. Nilinunua magodoro mapya na mashuka, nikaweka taulo na sabuni ya harufu, nikawakabidhi ufunguo. Tangu hapo sikukanyaga humo. Mama ndivyo alivyotulea: mgeni akishaingia, mlango ni wake, na mwenye nyumba hubisha hodi, asipoitikiwa huondoka. Utakumbuka makofi uliyokula siku ulipomchungulia mjomba wa Kasongo akivaa suruali.

Siku za mwanzo nilikuwa na furaha ambayo sasa inanitia haya. Walileta migebuka uliyonikaushia, nami nilikula hata vichwa. Niliwauliza habari za kila mtu, nani amekufa, nani ameoa, nani bado anadai kiwanja cha karibu na soko. Zakaria alinijibu huku akichokonoa meno kwa kalamu yangu ya kusahihishia. Nikajiambia kwamba mtu akikaa ugenini muda mrefu huwa mwepesi kuchukizwa.

Lakini machukizo hayakukoma, yaliongezeka. Songoro alifuta mikono kwa kitambaa cha meza alichokidarizi Ntumba. Zakaria alitema mate katika beseni la kunawia, kisha akalisukuma kwa mguu ili mimi nilimwage. Walipopita barabarani penye watoto wanaoosha mawe ya kobalti, walijiziba pua kwa namna ya kuwaonyesha watoto kwamba ndio wanaonuka. Zakaria na Songoro waliwaita wenyeji wa hapa watu wa mashimo. Mama Kanku, jirani yangu ambaye ukuta wake na wangu ni mmoja, mjane wa mfanyakazi wa mgodi aliyetoka Kasai, alikuwa akituletea supu ya samaki kila jioni. Siku moja Zakaria alimsikia akiwaita wajukuu zake, “batoto, mukuye kula,” akacheka mpaka akapaliwa, akamwambia kwamba hicho si Kiswahili, ni supu. Mama Kanku akaweka bakuli mezani akasema, “Supu yenyewe ndiyo ile munakunywaka kila mangaribi, Tata. Na hamujarudisha hata bakuli moja.” Nilifurahi moyoni, kisha nikaona aibu kumfurahia mtu anayewatukana wageni wangu.

Baada ya hapo ikaja habari ya matope. Taulo nilizowapa zilirudi zikiwa nyekundu kama zimefutiwa tofali mbichi. Maji ya bafuni yalikuwa mekundu, sabuni nyekundu, hata kipini cha mlango. Walisema ni barabara za Kolwezi. Nikaamini, kwa maana barabara ni mbaya kweli, na mimi mwenyewe ninafua suruali zangu kila siku. Redio yao ilipiga kelele tangu ninapotoka asubuhi kwenda shule hadi ninaporudi. Nikaamini kwamba watu wa pwani ya ziwa wanapenda muziki. Kila baada ya siku chache walitoka na mabegi ya vitenge, na mabegi yalikuwa mazito hata Songoro akatembea amepinda upande. Nikaamini kwamba kitenge kizuri kina uzito.

Sasa, Bilkisi, nisamehe kwa nitakaloandika, lakini bila hilo hutaelewa. Choo changu ni cha shimo, kilichimbwa kirefu, na mimi peke yangu nisingekijaza hata nikiishi umri wa Nabii Nuhu. Baada ya majuma machache ya wageni wale kilianza kupanda. Kila nilipoingia kilikuwa kimenikaribia zaidi. Nilichutama pale nikijiuliza ni nini wanakula watu hawa, nikahesabu bakuli za supu na mikate, hesabu haikukubali. Nilipomgusia Zakaria kwa adabu, alisema ni maharage yangu, kwamba maharage ya huku yanafura tumboni. Mvua kubwa iliponyesha siku ya Jumanne, choo kikafurika uani. Kilichotoka kilikuwa kile unachokijua kimechanganyika na udongo mwekundu mwingi sana, kikasambaa mpaka kwenye kizingiti cha jiko. Nilikifagia mwenyewe nikiwa nimefunga kanga ya marehemu mke wangu puani. Wageni walikuwa ndani, redio inaimba.

Kesho yake nilikuwa darasani nikifundisha wakati uliopita, Mama Kanku akaja akasimama mlangoni bila viatu. Nilitoka naye kwenye baraza, akaniambia maneno haya, nami nayaandika kama alivyoyasema, na ujue kwamba sima kwao ni saruji: “Tata Mwalimu, mi nilinyamaza juu bandugu yako balisema banakutengenezea sima mu chumba, nisikuambie, eti utafurahi ukiona. Kila asubui mafundi wawili banaingia. Nikasema, aya, bageni bazuri. Lakini ni sima gani inagongaka mu chini ya kitanda yangu? Leo muguu ya kitanda imezama yote, na mutoto alikuwa analala pale juu.”

Watu wa Kasulo hawahitaji kuelezwa zaidi ya hapo. Unajua, maana nilikwisha kukuandikia, jinsi mtaa huu ulivyotobolewa. Watu walichimba sebuleni, jikoni, chini ya vitanda vya watoto wao, wakauza mawe kwenye depo za wanunuzi, na sehemu nyingine ya mtaa ikavunjwa ikazungushiwa ukuta. Nyumba yangu na ya Mama Kanku ni kati ya zilizobaki na sakafu nzima. Ntumba alikataa katakata. Alisema hawezi kulala juu ya kaburi lililo wazi. Wanunuzi walikuja mara nyingi, tukawapa maji ya kunywa wakaondoka.

Tulirudi wote wawili kwa miguu, yeye mbele. Redio ilikuwa juu. Nikasimama mbele ya mlango wa chumba cha nyuma, na hapa utacheka au utalia, nikabisha hodi. Nilibisha hodi mara ya pili, katika nyumba yangu, kwa mkono uliokuwa bado na chaki. Sikuitikiwa, na mguu wangu ukaanza kugeuka kuondoka. Mama Kanku alinitazama akauliza, “Nyumba ni ya nani?” Kisha akausukuma kwa bega.

Magodoro yalikuwa yamesimamishwa ukutani, yameloa. Mashuka yalikuwa yameshonwa magunia. Katikati ya sakafu kulikuwa na shimo lenye upana wa sinia, lenye vidato vya kukanyagia na kamba iliyofungwa kwenye nondo ya dirisha, na humo chini njia ilikuwa imepinda kushoto, kwa Mama Kanku. Harufu ilikuwa ya jasho, mkojo wa kwenye chupa na udongo wa chini. Songoro alikuwa anatia mawe katika begi na kuyafunika kwa kitenge. Zakaria alikuwa ameketi ukingoni, amening'iniza miguu, anakula mkate wangu. Aliponiona alisogea kidogo akaniambia, “Karibu, Feruzi. Karibu ukae.”

Wachimbaji wawili walipanda juu. Walikuwa vijana wa kuajiriwa, walidhani mwenye nyumba ameridhia. Waliponiona, waliniamkia, wakainamisha macho, wakaondoka bila kudai kitu. Ni wao tu walioona haya mle chumbani. Zakaria yeye alieleza kwa utulivu, kama mtu anayemweleza mtoto. Alisema nyumba naiacha, sasa utajiri wa chini namwachia nani, huyu mama wa supu? Alisema fungu langu wangenipa tukifika Ujiji. Nikamuuliza kama alijua kwamba juu ya lile tundu analala mtoto. Akasema watoto wa hapa wamezoea. Kisha, kwa kuwa niliendelea kumtazama, akakasirika: “Usinitazame mimi hivyo. Muulize dada yako.”

Nikasema simu ya dada yangu ni mbovu. Songoro akacheka. Akatoa simu yake mfukoni, akaifuta udongo, akanisikilizisha ujumbe wa sauti.

Nilikuwa sijaisikia sauti yako tangu Desemba, Bilkisi. Haikuwa na ubovu wowote. Ulisema: “Kaka hafungui mlango wa mgeni hata nyumba iungue. Mama ndivyo alivyotulea. Nyinyi fungeni, fanyeni yenu. Na hiyo habari ya kurudi mwacheni aseme, mwambieni chumba kinapakwa rangi. Mkimaliza njooni zenu, huku mimi sina pa kumweka, chumba kina mpangaji.”

Mama Kanku aliniuliza huyo mwanamke ni nani. Nilimwambia ni mtu wa redio.

Mambo mengine yote nimeyafagia. Matope yanafagilika, hata ya choo. Lakini tangu siku ile chakula hakipiti vizuri, na si kwa sababu ya harufu. Ninakuona umeketi barazani na watu wale, mnakunywa chai, unawafundisha adabu niliyolelewa nayo kama mtu anavyowaonyesha wezi mahali ufunguo unapowekwa. Ungeniomba nyumba ningekupa. Ungeniambia hakuna chumba ningepanga kwa watu. Kinachonitapisha ni kwamba ulinijua vizuri kiasi kile, na ulichokifanya na ujuzi huo ni hiki.

Wageni niliwaondoa asubuhi iliyofuata. Begi walilokuwa wamelijaza nililimwaga shimoni mbele ya macho yao. Niliwafungia chakula cha njiani, na Mama Kanku akanigombeza hadi nyumba ya tatu ikasikia. Nilimjibu kwamba sikujua namna nyingine ya kumtoa mgeni. Zakaria alikifungua pale pale kuona kama kuna nyama.

Majirani na wanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho wamelijaza shimo kwa changarawe, wakalishindilia. Sakafu ya Mama Kanku itavunjwa na kujazwa upya mvua zikikatika. Mpaka wakati huo yeye na wajukuu wanalala chumbani kwangu, nami ninalala sebuleni. Watoto wana kelele, na mmoja anakojoa, lakini nalala. Kwa mkuu wa shule nilikwenda kuomba barua yangu. Aliitoa kwenye saraka akasema hakuwahi kuipeleka mbele, alingoja kwanza aone kama ningeondoka kweli. Jumatatu ninaendelea na wakati uliopita, hawajauelewa.

Kwa hiyo, ndugu yangu, sitakuja. Si Pasaka hii, na si nyingine. Sikulaani na wala sitawasimulia watu wa Ujiji, maana wewe ndiye unayeishi nao.

Nisalimie shemeji. Nisalimie watoto wako mmoja mmoja, hawana kosa, na mkubwa mwambie asome Kiingereza. Zuru kaburi la Mama, uling'olee magugu, umwombee dua kwa niaba yetu sote wawili. Mguu ukiuma tena, ukande kwa maji ya chumvi.

Mpangaji wa chumba changu mwache akae. Ila mara mojamoja ufungue mlango uangalie anafanya nini.

Ni mimi kaka yako,
Feruzi