Darubini Uliyotutumia

Mwigobero,
Musoma.
28 Mei, 1986

Mpendwa mdogo wangu Rashidi,

Asalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute mzima huko Leipzig, na ile baridi uliyokuwa unailalamikia iwe imekwisha. Kifua chako kinaendeleaje? Unakula? Unafunga? Najua utasema jua la huko linachelewa mno kuzama. Ukishindwa, Mungu anajua hali yako, lakini usije ukanidanganya mimi dada yako kwamba umefunga na huku unakunywa chai.

Sisi hapa miili ni mizima. Mama anatembea mwenyewe mpaka msikitini na kurudi. Shemeji yako Kijakazi na watoto hawajambo, ila yule mdogo alipata surua kidogo, sasa anacheza. Masika yalikuwa mazuri, mihogo ya Butiama inashuka sokoni kwa wingi.

Sabuni inapatikana, Rashidi. Inauzwa mchana kweupe na hakuna anayegeuka kutazama nyuma. Wewe uliyetuacha kwenye foleni usingeamini. Siku hizi ruksa, kila mtu anauza anachotaka. Mitumba nayo imeingia, na cherehani yangu inashinda imefunikwa, kwa sababu nani atashonesha gauni wakati lililoshonwa tayari limerundikwa chini pale sokoni. Nakuandikia habari za sabuni na mitumba kwa kuwa naogopa kufika ninakokwenda.

Barua yako tuliipata. Umeuliza kaka yetu Hamduni alifuata nini ziwani, yeye fundi wa taa ambaye hata kuogelea hajui. Ile simu ya posta ilikwambia tu amepotea, uwe na subira. Una haki ya kukasirika. Kaa sasa nikueleze.

Uliondoka kabla ya kile chama chao, kwa hiyo ulikijua kwa barua tu. Baada ya yule mwanafunzi mwenzako kutuletea darubini yako, Hamduni hakulala. Alimwita Felisian, yule mwalimu wa shule ya msingi, akamwita na Wanzagi mwenye mitumbwi ya dagaa, wakaanzisha Chama cha Watazama Nyota. Sokoni waliwaita Wazee wa Mwezi. Unajua kwa nini? Kwa sababu walikutanaga wakati wa mbalamwezi tu! Mwalimu aliwaambia kwamba mwezi ukiwaka nyota zinafifia, kwamba wenzao duniani wanakutana gizani. Lakini wanachama wenyewe nusu yao wavuvi wa dagaa, na giza ndiyo kazi yao. Mwezi ukitoka dagaa hawafuati taa, mvuvi anakaa nyumbani. Basi hicho chama kikawa kinatazama mwezi, na mwezi, na mwezi tena. Mwenzao mmoja, Burito, alikuwa anatoka Manyamanyama, Bunda kule, anapanda gari kuja kutazama mwezi ambao Bunda nao upo. Nilikuwa nawacheka mpaka machozi yananitoka.

Wakati wa msako wa wahujumu uchumi nilicheka zaidi. Hamduni aliogopa wataiona darubini na kumwuliza kaipata wapi, akaifukia ndani ya gunia la dagaa. Wenzake wanaficha vitenge na betri, yeye anaficha bomba la kutazamia mbinguni! Mpaka leo ukiisogelea inanuka dagaa.

Usidhani ulikuwa upuuzi lakini. Watu waliwazoea na kuwaheshimu. Mwezi wa Ramadhani ukikaribia, msikiti mzima unasubiri Hamduni aseme, na Felisian na Wanzagi, Wakristo wale, wamesimama naye ufukweni shingo zimewauma. Wakimaliza wanakuja kwetu kunywa uji, mama anawatania kwamba wamesilimu bila kujijua.

Mwaka huu ikaja nyota yenye mkia. Najua na huko mmeisikia. Hamduni aliingoja tangu mwaka juzi, anaisema kama mgeni wa nyumbani. Lakini siku ambazo ingeonekana vizuri kwetu, mwezi wa nne, ziliangukia kwenye giza, na gizani chama chote kiko ziwani na taa za karabai zimewaka, na mwanga wa karabai zote zile unaua anga. Felisian akasema wataitazama yeye na Hamduni wakiwa nchi kavu, basi. Hamduni akakataa. Alisema chama si cha watu wawili.

Akaenda kuwaomba wavuvi wazime taa. Wewe ni mtoto wa Mwigobero, unajua hilo ni ombi la namna gani. Ukizima taa dagaa wote wanatawanyika, kazi ya usiku imekwenda. Mimi nilimwambia watakutukana. Rashidi, walikubali. Miaka yote ile ya shida, vipuri hakuna, ni yeye aliyekuwa anawatengenezea karabai kwa vipande vya mabati na vya baiskeli, ili wasilale njaa. Mtu huyo akiomba wazime kidogo tu, nani angekataa? Wakapatana kwamba Wanzagi atagonga debe, wote wazime, watazame juu, akigonga tena wawashe.

Kwetu nyumbani alituambia: taa za ziwani zikipotea, inueni macho upande wa kusini. Tukakaa uani, mimi na mama na Kijakazi. Ilikuwa saa tatu hivi. Ziwa lilikuwa linawaka kama kawaida yake, halafu taa zikaanza kuzimika huku na kule, mpaka zikaisha. Sijawahi kuona ziwa letu jeusi namna ile. Tukainua macho, na kweli ilikuwepo, kitu chenye ukungu, si kikubwa, mkia wake umefifia. Mama alishika kifua akasema, "Mwanangu amelizima ziwa zima, na watu wamemsikiliza." Alifurahi mno. Mimi pia nilifurahi, sitakuficha, nilipiga na kigelegele. Ndicho kinachonichoma mpaka leo.

Yaliyotokea huko kwenye maji tumeambiwa na Wanzagi. Hamduni alikuwa ameazima kamtumbwi kadogo, akaenda na darubini mpaka kwenye mtumbwi wa Wanzagi. Darubini ikawa inayumba na mawimbi, hawakuona kitu ndani yake, wakacheka, wakaitazama nyota kwa macho matupu. Hapo wakasikia wale wa mtumbwi wa pili wanalalamika hawaioni, wanatazama upande siyo. Unamjua kaka yako. Alimwachia Wanzagi darubini, akashuka kwenye kamtumbwi kake, akapiga kasia gizani kwenda kuwaonyesha. Debe likagongwa, taa zikawashwa. Wanzagi alijua Hamduni amefika kule. Wale wa kule, ambao walikuwa wameshaiona wenyewe, walijua Hamduni hajatoka kwa Wanzagi. Usiku upepo ukaja, kila mtu akashughulika na nyavu zake. Asubuhi wakafika Mwigobero wanaulizana kwa furaha, "Hamduni yuko na nyie?" Hakuwa na mtu.

Kamtumbwi kalionekana karibu na Murangi, kamepinduka, kanaelea. Yeye hajaonekana. Waliacha kuvua, Rashidi, wakamtafuta giza lote lile mpaka mwezi ukatoka. Darubini ilirudi nyumbani kavu, imefungwa kwenye koti la Wanzagi.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo ninapokuhitaji.

Tulipokata tamaa, shehe alisema tumsalie, dua isomwe, Kijakazi aanze eda yake, moyo wa kila mtu utulie. Mama alikuwa ameanza kukubali. Alilia, akala kidogo, akaniagiza nitafute kanga nyeupe. Arobaini ilipita hivihivi, lakini tulisema tutafanya yote pamoja baada ya Idi.

Ijumaa iliyopita mwezi ulikuwa mpevu. Wanachama wakaja kufuturu kwetu, walitaka wakutane hapa uani kwa kumkumbuka Hamduni. Burito alitoka Bunda na tende. Darubini wakaisimamisha kabla ya magharibi, inaelekea ziwani, wanangoja mwezi upande. Mama, ambaye miaka yote hakuwahi kuigusa, akasogea akasema na yeye atazame. Jua lilikuwa bado halijazama, mitumbwi ya wavua sangara, wasiongoja giza, inaonekana mbali upande wa Murangi. Akainama, akatazama. Akatazama muda mrefu.

Alipoinuka alikuwa anatabasamu. Akasema, "Wamepinduka, lakini wazima. Mtumbwi uko juu chini na watu wamo ndani wanavuta nyavu, hawaanguki, hawana hata wasiwasi." Akamgeukia Kijakazi. "Mumeo yupo. Mtumbwi wake si ulipinduka? Basi yupo, na hao wenzake."

Rashidi, wewe unajua. Ile darubini inapindua kila kitu, chini juu, juu chini. Mwezi hauna kichwa wala miguu, kwa hiyo hakuna aliyewahi kujali. Pale uani wote tulilijua hilo, hata mimi kwa kusikia tu, isipokuwa mama. Felisian alifungua mdomo, "Mama, hiki chombo..." akaishia hapo. Adhana ikaingia, tukafuturu, na mama akatenga sahani ya Hamduni. Tangu siku hiyo anaitenga kila magharibi. Kabla ya futari anaomba darubini itolewe, anatazama, anaridhika, anakuja kula. Anakula vizuri kuliko mwezi mzima uliopita, na mimi nikimwona anakula natamani kupiga ukuta.

Nilijaribu. Wallahi nilijaribu. Nilimwambia, mama, hicho kioo kinageuza. Akaniuliza, "Wewe umewahi kuitazama?" Kweli sijawahi, nilikuwa nawaita wavivu. Akasema, "Basi nyamaza. Darubini ni ya Rashidi. Rashidi ndiye anayeijua." Nilimwomba Felisian amweleze, yeye ni mwalimu. Alikuja, akakaa, akaongea habari za mvua, akaondoka.

Kijakazi ndiye ananitia uchungu zaidi. Havai nyeupe, hajaanza eda, si mke si mjane. Mjomba wake alikuja kutoka Bunda kuuliza mambo yake yakoje, akarudi kama alivyokuja. Usiku aliniambia, "Wifi, nitamliliaje mtu ambaye mama yake anamwona kila jioni?" Halafu akalia kwa kujificha, kitambaa mdomoni, mama asisikie.

Kwa hiyo mdogo wangu, hili limekuangukia wewe. Mwandikie mama. Mweleze kwamba ndivyo ilivyotengenezwa, kwamba ile mitumbwi yote haijapinduka, ni mitumbwi ya kila siku ya watu tunaowajua. Usimwandikie kwamba amekosea, mwambie kioo ndicho kinachokosea. Usijilaumu kwa kuituma, hakuna mtu hapa anayekulaumu, na atakayethubutu nitamjibu mimi. Kitu ulichomletea kaka yako kilimpa furaha ambayo fundi wa karabai hapa Musoma haipati.

Iandike barua hiyo peke yake, kwa karatasi yake, uitie ndani ya bahasha ya barua yangu. Mimi ndiye nitakayemsomea. Tafadhali iwe fupi. Ikiwa ndefu nitashindwa katikati, na nikishindwa katikati nitamtungia maneno mengine, najijua.

Felisian anakusalimu sana, na Wanzagi, ambaye hajaweka mguu kwenye maji tangu tulipoacha kumtafuta, mitumbwi yake anawaachia vijana wa nduguye. Burito anakusalimu. Kijakazi anakusalimu, na watoto wanauliza Ulaya kuna kuku. Mwenyezi Mungu akulinde ugenini, akupe elimu yenye manufaa, akurudishe kwetu tukiwa bado tupo wa kukupokea.

Mama amepita hapa sasa hivi akaniuliza naandika nini. Nimemwambia ninakusalimu. Amesema niongeze za kwake: Mungu akulipe kwa darubini, mwanangu, inaonyesha vizuri sana.

Ni mimi dada yako nikupendaye daima,

Mwanaamina