Ubao Wako Laini, Keza

Keza, mwanangu,

Watu bado wanasema mlima ndio uliokuua. Jumapili hii, nje ya kanisa, mama mmoja amenishika mkono na kuniambia, "Papa Keza, pole, lakini ile michezo ya wazungu..." Nikamwambia binti yangu aliuawa na homa ya uti wa mgongo, hapa hapa Durban, kitandani, na kwamba mlimani hakuwahi kuvunjika hata kidole. Akasema kazi ya Mungu haina makosa. Nikaondoka kabla sijamjibu. Unaujua mdomo wangu.

Nilipofika nyumbani nikasema basi, leo nitazungumza na wewe. Mwaka mzima nimezungumza juu yako na kila mtu, mchungaji, majirani, wenzangu wa kiwandani, na wewe mwenyewe sijakwambia kitu.

Nianze na siku ile ulipouleta ubao. Ulikuwa umemaliza msimu wako wa kwanza wa kazi kule kwenye milima ya mpakani na Lesotho, ukiwapimia wageni viatu vya theluji vya kukodi. Tulidhani utarudi na mafua. Ukarudi na ubao wa kutelezea kwenye theluji, wa manjano, mrefu karibu kunifika kidevuni, umechubuka tumbo lote, ulioachiwa na mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Ukauegemeza kwenye sofa, ukasimama pembeni na tabasamu la mtu aliyezaa.

Mimi, kama ujuavyo, kazi yangu ni kubonyeza. Miaka yote kiwandani Mobeni nabonyeza magodoro, na godoro likibonyea ovyo nalichora chaki nyekundu, linarudi lilikotoka. Basi nikauchukua ubao wako, nikauweka gotini, nikaubonyeza. Ukapinda bila ubishi. Nikakuonea huruma.

"Wamekupiga, mwanangu," nikasema. "Huu umekufa katikati. Mrudishie mwenyewe."

Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Papa! Iko laini kwa makusudi!"

"Kitu cha kushukia mlima kinakuwaje laini kwa makusudi?"

"Siyo cha kushukia mlima, Papa. Ni cha kuchezea."

Sikuelewa, na kwa kuwa sikuelewa nikakasirika, ndiyo tabia yangu. Nikatafuta hata ile chaki mfukoni. Mama yako akaniambia kama nitathubutu kuchora kitu cha mtoto, chakula cha jioni nitakula Mobeni.

Kesho yake ukanifundisha. Nyuma ya nyumba hapa Glenwood kuna ule mteremko wa nyasi ambao wanafunzi wapangaji wanaanikia nguo. Uliniagiza vipande vya sponji vilivyobaki kiwandani, ukavitandika, ukaweka plastiki juu, na mdogo wako Belyse akashika mpira wa maji kumwagia sabuni. Katikati ukalaza bomba nene la plastiki. Wanafunzi wakatoka na vikombe vyao vya chai kuja kutazama. Ukanifunga miguu kwenye ubao, mimi, mtu mzima, baba wa watoto wawili.

"Egemea mguu wa mbele, Papa. Usiogope. Egemea tu."

Nikaegemea. Pua ya ubao ikajikunja chini yangu, mkia ukainuka juu, na mimi nikawa nimesimama juu ya kitu kilichonibeba na kuniachia kwa wakati mmoja. Kwa muda mdogo nilielewa. Kisha nikaanguka mzima mzima, na mama yako akapaza sauti dirishani, "Keza, mwache mume wangu, bado namhitaji!"

Msimu wa baridi uliofuata tukapanda huko juu kukuona. Mama yako alivaa makoti yake yote. Uwanja wa michezo yenu, mliouita paki, ulikuwa pembeni ya mteremko mkubwa: vilima vya theluji vya kurukia, maboksi marefu ya kuteleza juu yake, na reli za chuma zilizosimikwa kwenye theluji. Nilishangaa mtu mwenye akili kumwekea mwenzake chuma njiani.

Asubuhi ile theluji ilikuwa imeganda, ngumu kama sementi. Ulishuka, na kelele za ubao wako nikazisikia toka chini, trrrrr, ukitetemeka wote, makali yake hayashiki, unateleza pembeni bila kutaka. Nikamtazama mama yako kwa ushindi. "Si nilisema?"

Ukafika kwetu unahema. "Usinicheke, Papa. Barafu huu hauiwezi. Ngoja jua lipige."

Jua likapiga, theluji ikalainika, na hapo nikaona kitu ambacho mpaka leo nikifumba macho nakiona. Uliingia kwenye boksi polepole, ukaegemea mbele, ubao ukapinda, mkia juu, na ukaenda hivyo mpaka mwisho wa boksi, mikono imelegea, huna haraka na mtu. Ukaja kwenye reli, ubao ukalala juu ya chuma na kukifuata. Ulinieleza baadaye kwamba unakisikia kile chuma kwa nyayo zako, na kwamba makali ya katikati uliyapiga tupa makusudi yasikwame. Ukaruka kilima kidogo, ukatua umepinda kidogo, nikafumba macho. Nilipofumbua ulikuwa umeshapita. Ubao ulikuwa umelimeza lile kosa.

Kisha, kwa kuwa wewe ni mwanangu, ukaenda kwenye kilima kikubwa. Ulikwenda kwa kasi, ukapaa, mama yako akaita watakatifu wote kwa Kirundi, na ukatua na uzito nyuma. Mkia ukakunjika chini yako. Ulishuka kipande kizima cha mlima kwa matako.

"Pale siyo pa ubao huu," ukasema, theluji imekujaa masikioni. "Ukiruka mbali na kutua kwa nguvu, hauna kitu cha kukusimamisha. Pale ni pa wenye mbao ngumu."

"Nitakununulia mgumu."

"Hapana, Papa. Mgumu, ukikosea kidogo tu, unakutupa. Huu unanivumilia."

Nilicheka. Nilimwambia mama yako, huyu binti amepata ubao wenye tabia ya mama yake. Naye akasema ingekuwa vyema kama ungepata na mume wa hivyo. Tulikula viazi vya kukaanga kwenye lile jiko la wafanyakazi, tukiwa tumebanana na wewe katikati. Furaha ile nilikuwa nayo mkononi na sikujua kwamba ni kubwa vile.

Ukarudi mjini, mvua zikaanza, ukasema kichwa kinauma. Mengine unayajua, na mimi sitaki kuyaandika.

Nataka nikueleze ya baada yako. Unajua desturi yetu. Matanga hayaanuliwi mpaka vitu vya marehemu vitoke nyumbani na kupata mikono mingine. Kwetu Burundi tunaita kuganduka. Kabla ya hapo nyumba haipigi ngoma, wala haiozeshi. Mama yako alitoa nguo zako kwa mkono wake mwenyewe. Belyse alitoa vitabu vyako kwa wale wanafunzi wapangaji. Vyote vikatoka, ukabaki ubao nyuma ya kabati langu. Kila walipouliza nilisema bado. Nilikuwa nikirudi kazini naubonyeza kidogo, naurudisha.

Belyse amechumbiwa, Keza. Hukulijua hilo. Kijana anaitwa Patrick, Mkongomani, mpishi kule Morningside, mpole mpaka ananiudhi. Wajomba zake wamekuja, wakanywa soda, wakasema, "Papa, sisi tuko tunangojea tu." Wamekuja tena, wakasema vile vile. Nami najibu bado. Mdogo wako alikuwa ananiandalia chai na hanitazami machoni.

Siku moja mama yako akanifuata chumbani, akanikuta na ubao gotini. Hakupiga kelele. Ungemsikia ungeogopa.

"Keza alikuwa na wazazi wawili," akasema. "Na mdogo wake. Mbona unamlia kama uliyemzaa peke yako? Mimi nimezika mtoto mmoja. Unataka nimwangalie na wa pili akipotea?"

Nikaurudisha ubao nyuma ya kabati.

Tukaondoka na ubao msimu huu wa baridi, mama yako na mimi, kwa taxi mpaka mji ulio chini ya mlima, na kutoka hapo kwa gari la wafanyakazi. Usidhani nilikuwa nimeamua. Nilimwambia mama yako nakwenda kumwonyesha tu Lineo, yule rafiki yako Msotho mliyekuwa mkikaa naye chumba kimoja. Akasema, "Haya, kamwonyeshe," kwa sauti ile ya mtu asiyedanganyika.

Lineo alipouona aliupitisha mkono toka pua hadi mkia. Kisha akaniita baba kwa Kisotho: "Ntate, naomba nishuke nao mara moja."

"Mara moja tu," nikasema, kama mchoyo.

Akaupaka nta. Akachukua bisibisi akalegeza vifungo vya miguu, vile ulivyokuwa umevipanga kwa upana wa miguu yako, akavisogeza karibu kwa kuwa yeye ni mfupi. Nilitaka kumzuia. Mama yako alikuwa amenishika koti kwa nyuma, najua kwa sababu gani.

Akapanda. Jua lilikuwa limeshapiga. Juu kule wote mnafanana, kofia ngumu, miwani mikubwa, nguo zimejaa hewa. Akaja kwenye boksi polepole. Akaegemea mbele. Ubao ukapinda, mkia ukainuka, mikono ikalegea, hana haraka na mtu.

"Keza!" nikaita.

Sikuita kwa kuomboleza, mwanangu. Niliita vile nilivyokuwa nikikuita uje kula. Niliita kwa nguvu, mikono juu, ninacheka, unione mahali niliposimama.

Watu wakanitazama. Kule juu hakuna aliyegeuka. Yule binti alimaliza boksi lake, akaifuata reli, akaenda zake chini.

Nilikuwepo hospitali, Keza. Nilibeba jeneza, nilitupa udongo, nimepokea pole mpaka nimezichoka. Lakini ni pale kwenye theluji, nilipoita na hukugeuka, ndipo nilipojua umekufa. Nilikaa chini, nikalia na mdomo wazi mbele za wageni. Mama yako akakaa pale pale kwenye barafu, akanifunika kichwa na koti lake moja.

Lineo akapanda kuja kwetu, ubao kwapani, anaupangusa. Akanyoosha mkono kunirudishia. Nikatikisa kichwa. Nilitaka kumpa maneno ya kibaba, ya busara, nikapata haya tu: "Asubuhi usiende nao, barafu hauiwezi. Na kile kilima kikubwa, achana nacho."

"Najua, Ntate," akasema. "Keza aliniambia."

Jumamosi watu wanakuja. Nitasimama niseme kwamba vitu vyako vyote vimepata mikono, kwamba matanga yameanuliwa, na wajomba wa Patrick wakaribie. Belyse ameshaanza kuimba jikoni. Akiniona ananyamaza, nami namwambia endelea. Inaniuma anapoimba, lakini ingeniuma zaidi akinyamaza.

Basi, kwaheri, mwanangu. Ile jioni hospitali nilikwambia tutaonana asubuhi, kwa hiyo neno hili nilikuwa bado sijakwambia.

Papa yako