Vidonge Ndani ya Kopo la Udi

Suhaila mwanangu,

Mahamri yamo kwenye hotipoti, mbaazi ziko jikoni. Kula ushibe.

Asubuhi nilitaka kufukiza nguo. Nafungua kopo la udi, nakuta vidonge vyako vya kuongeza damu, hata kimoja hujameza! ~~Nimekukasirikia sana.~~ Hasira zimeniisha nilipokumbuka: ile sauti ya WhatsApp, eti vidonge hivyo humkuza mtoto tumboni mpaka mama apasuliwe, niliyekutumia ni mimi. Nimempigia nesi Eddah wa kliniki. Amecheka, kisha akanigombeza. Ni uongo mtupu, na damu yako iko chini.

Meza kimoja kwa maji ya ndimu, si kwa chai. Mimi nazunguka mtaa wa Ndia Kuu, mlango kwa mlango, kuikanusha sauti ile kwa wote niliowatumia.

Mavyaa wako,
daktari wa simu, nimestaafu leo