Dawa Niliyomwahidi Min Ouma

Jumamosi. Mvua haijakatika hapa Rodi tangu mchana. Nimerudi kutoka Masara na matope hadi kwenye magoti, na sijavua hata kitambaa cha kichwa.

Leo tumemzika Ouma.

Nyinyi mnaonisoma hapa mnanijua, siwezi kumaliza ukurasa bila kumtaja Akinyi wangu. Mimi niliishia darasa la saba. Yeye yuko chuo kikuu Nairobi, ndani ya koti jeupe, anachunguza kuvu zinazoua watu. Alinieleza siku moja tukichambua omena, dagaa wetu wa ziwani: anaotesha kuvu mbili, moja kali na moja dhaifu, anazisaga, anaangalia protini zilizo ndani ya kila moja. Ile protini ambayo kali inayo na dhaifu haina, hapo ndipo anashuku silaha iko. Nilimwelewa vizuri kabisa. Ni kama kupekua mifuko ya mwizi na ya jirani yake.

Lakini sokoni nilisema binti yangu amepata dawa. Kanisani nikarudia. Ilikuwa tamu mdomoni.

Min Ouma, yaani mama yake Ouma, ni rafiki yangu tangu tulipozaa wiki moja, yeye Ouma, mimi Akinyi. Jumanne ya wiki iliyopita alinipigia simu. Kijana wake, mchimba dhahabu, kichwa kilikuwa kinamuuma hadi haoni vizuri. Kwenye kliniki walimpima wakasema ni kuvu, imefika kwenye ubongo, alazwe hospitali ya Migori siku hiyo hiyo.

Mimi nikacheka. "Kuvu? Hiyo si ndiyo kazi ya Akinyi? Ngoja Ijumaa, anakuja na dawa."

Akangoja.

Ijumaa Akinyi akafika na begi la nguo chafu. Nilipomweleza, alikaa chini pale pale mlangoni. "Mama, mimi sina dawa. Nasoma tu vile inaua. Mpigie, aende sasa hivi."

Walimpeleka jioni hiyo. Jumapili, watu wakitoka kanisani, akatuacha.

Labda angekufa hata kama angewahi. Akinyi anasema hilo hakuna anayejua. Analisema bila kuniangalia.

Leo Min Ouma alinishika mkono mbele ya wamama wote. "Huyu ni Min Akinyi. Alikuwa ametutafutia dawa, ni Mungu tu aliharakisha." Wakanishukuru, mmoja mmoja. Nikala wali wao.

Hanilaumu. Hiyo ndiyo inanimaliza. Angenitukana, ningejua pa kuweka uso.

Kesho siendi kanisani. Narudi Masara kabla ndugu zao hawajatawanyika, nimwambie hao hao wakisikia. Naogopa. Sijui atasema nini, sijui kama nitakuwa na rafiki tena. Lakini maneno ya kwanza ninayo, nimeyarudia njia nzima: Min Ouma, dawa haikuwepo.