Barua ya Tuta la Sonajuli

Jumatatu, 3 Oktoba
Wametupaka samadi langoni tena. Mara ya tatu tangu mafuriko. Nimeosha mwenyewe. Mtumishi alitaka kunisaidia, nikamkataza — nimwonee nani aibu, na mji mzima unajua?
Baba Jonali yuko barazani na chai yake, gazeti limemfunika uso. Ukurasa wa mbele wameweka picha mbili. Ya juu ni yeye akiwa na miaka ishirini na minne, ndevu tele, anatoka jela, wanafunzi wenzake wamembeba mabegani. Ya chini ni tuta la kuzuia mto kule Sonajuli, lilivyokatika. Watu kumi na tisa walikufa. Mhariri hakuhangaika na maneno mengi.
Yule wa picha ya juu ndiye niliyemwendea kwa mapenzi. Niandike tu, nani atasoma.

Jumatano, 5 Oktoba
Wakubwa wa Chama cha Luit wamekuja. Viatu vimejaa mlangoni. Nilikuwa jikoni, mlango wazi.
Mwenyekiti anasema wizara ya mafuriko alikuwa nayo mume wangu, Chetia, si yeye. Mume wangu akamkumbusha nani alikianzisha chama hiki, tena akiwa kifungoni.
"Ulikianzisha, ukakihama. Ukarudi, ukakihama tena," mwenyekiti akasema. "Bwana Bhadreswar, bawaba za mlango zimelegea kwa ajili yako."
Wakacheka. Kisha wakaacha.
Mwenyekiti akasema tume inayochunguza mafuriko inauliza habari za barua. Mhandisi Kakati anadai alimwandikia waziri mwezi wa pili: tuta limeoza, halitavuka mvua za Juni. Kama ilifika, chama kinazikwa pamoja na mume wangu. Kama haikufika, nafasi yake ya kugombea ipo palepale.
Mume wangu akajikuna kidole gumba, kama afanyavyo akitafuta la kusema.
"Haikufika," akasema.
Nilisahau mwiko ndani ya sufuria mpaka maziwa yakamwagika.
Barua hiyo niliipokea mimi.

Ijumaa, 7 Oktoba
Siwezi kufanya kazi. Nakumbuka kila kitu, hata baridi ya siku ile. Tarishi alikuja saa sita, nikatia sahihi kwenye daftari lake. Nikaweka bahasha mezani. Baba Jonali akaisoma huku anakula, wali na mchuzi mchachu wa samaki, akatia doa la mchuzi pembeni mwa karatasi.
"Kakati mwoga," akaniambia. "Kila mwaka tuta lake linaoza."
Nikauliza, je, safari hii ikiwa kweli? Akasema mawe yaliyopo yanakwenda kwenye barabara ya jimboni kwetu, kabla ya mkutano wa hadhara. Sonajuli hawakumpa kura. Watangulie waliompa.
Na mimi nikasema nini? Sikusema. Nilimwongezea wali.

Jumapili, 9 Oktoba
Kakati alikuja. Hakukubali kuingia, alisimama pale pale langoni. Amekonda, shati linamning'inia. Wamemsimamisha kazi. Wanasema barua aliitunga baada ya maji kupita, apate kujisafisha.
"Dada, sikuombi kitu," akasema. "Nimekuja kukwambia tu usije ukashtuka. Daftari la tarishi limeonekana. Pana sahihi ya L. Chetia. Watakuita."
Nikamwambia arudi nyumbani, jua kali.

Jumatatu, 10 Oktoba
Wito umefika. Alhamisi, saa nne. Labanya Chetia, shahidi. Miaka thelathini na moja sijaona jina langu peke yake kwenye karatasi ya serikali.

Jumanne, 11 Oktoba
Nilidhani Baba Jonali atafoka. Angefoka ningejua la kufanya. Alivuta kiti akakaa karibu yangu, jambo ambalo hajalifanya tangu Jonali aolewe.
"Mama Jonali, siku ile huenda ulipokea barua kumi."
"Moja."
"Hukuifungua. Utajuaje ilikuwa na nini?"
"Uliisoma mbele yangu. Ukaniambia."
"Nani mwingine alikuwepo?"
Hapo nikamtazama. Aliuliza kwa upole kabisa, kama anayeuliza chumvi iko wapi.
Akasema nilimngoja miezi kumi na minne alipokuwa jela, nikimpelekea chakula, polisi wakinitukana. Sasa ananiomba asubuhi moja tu. Nikamwambia wakati ule hakuniomba niseme uongo. Akasema wakati ule hakuwa na cha kupoteza.
Akalia. Sijui kama aliwalilia watu wa Sonajuli au alikililia kiti chake. Zamani ningejua.

Alhamisi, 13 Oktoba
Chumba cha kungojea, jengo la tume. Nimefika mapema, peke yangu. Baba Jonali alitaka nije na wakili wa chama kwa gari la chama. Nikapanda riksho ya baiskeli. Sijamwahidi kitu. Sijamkatalia pia. Aibu yangu hiyo.
Mabenchi yamejaa watu wa Sonajuli. Nimevaa nguo nyeupe ya kawaida, hakuna aliyenitambua. Mama mmoja wa makamo amesogea nipate pa kukaa. Akafungua kitambaa chake, akanikatia popoo, akaikunja kwenye jani la tambuu.
"Tafuna, dada, hapa utangoja sana. Mimi walikwenda na maji mume wangu na mkaza mwanangu. Yeye alikuwa na mimba ya miezi saba." Akapangusa kisu kwa kidole. "Na wewe, ulimpoteza nani?"
Nimepokea popoo. Nimefungua daftari hili nijifanye nina shughuli. Ameniuliza tena, taratibu zaidi, akidhani sikusikia.
Karani ametokea mlangoni na orodha, anasafisha koo. Akiita jina langu chumba kizima kitageuka. Yule mama bado ananitazama, ananingoja niseme —