Barafu ya Matunda kwa Bibi

4 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na miguu haivimbi tena kwa kusimama jikoni kutwa. Sisi hatujambo. Bibi anakusalimu sana. Amekaa hapa pembeni yangu, na ameniamuru nimsomee kila mstari kabla sijafunga bahasha. Unamjua mama yako.

Nimejifunza kutengeneza barafu ya matunda. Kwa lugha ya shule ina jina la kifahari ambalo Bibi alijaribu kulitamka mara moja akaliacha. Unasaga nanasi, unachanganya na shira iliyopoa na limau kidogo, unaweka kwenye friza. Ikianza kushika unaikwaruza kwa uma na kuirudisha, tena na tena, mpaka iwe laini. Mara ya kwanza nilibania sukari ikatoka jiwe. Bibi akaniuliza kama namjengea msingi wa nyumba.

Ya pili alikula mabakuli mawili. Koo linamkwaruza kidogo, anasema ni vumbi, na baridi inamtuliza. Anasema niandike kwamba ni mzima.

Mwanao,
Kimya


27 Februari

Kimya wangu,

Marahaba. Mimi mzima, miguu ni ile ile. Hapa kwenye nyumba ya wazee wameletwa wengine wapya, nami jikoni nimepewa kazi ya kusaga na kulainisha chakula cha wale ambao kumeza kumewashinda. Kwa hiyo mimi na wewe sasa ni watu wa blenda.

Lile jiwe lako nimewasimulia wenzangu, wamecheka mpaka mpishi mkuu akatukemea. Endelea kumpa Bibi barafu hiyo, koo likiwasha baridi ni dawa. Ila mbona siku hizi kwenye simu hakai? Ananisalimu, anakohoa, anakukabidhi wewe, na wewe ukishika simu unakuwa bubu. Mwambie mama yangu asinifanye mgeni.

Usiogope kuniandikia mambo.

Mama yako


19 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Unaendeleaje na wazee wako? Sisi tupo.

Nanasi tumeliacha, linamchoma Bibi. Sasa natumia embe. Nalichuja mara mbili, mara ya pili kwa kitambaa, maana uzi mmoja tu ukipita anakohoa mpaka machozi yanamtoka. Wiki hii nimeongeza na maji, barafu iwe nyepesi, iteleze yenyewe.

Yule fundi cherehani jirani yetu amempunguzia Bibi magauni mawili. Bibi anasema niandike kwamba ndio mtindo.

Anasema pia niandike kwamba anakula vizuri. Basi, nimeandika.

Mwanao,
Kimya


3 Aprili

Mwanangu,

Habari za masomo? Hii nimeituma shuleni kwa mwalimu wako wa darasa ili uisome peke yako. Usimsomee mtu.

Nimeisoma barua yako nikiwa na chujio mkononi. Kuchuja mara mbili ndiyo kazi yangu hapa, na najua ninawachujia watu wa aina gani. Niambie ukweli. Zaidi ya hiyo barafu Bibi anakula nini? Akinywa maji inakuwaje?

Sina hasira nawe hata kidogo. Nijibu ukiwa hapo hapo shuleni.

Mama yako


12 Aprili

Mama,

Shikamoo. Naandika darasani, wenzangu wanapanga viti juu ya meza. Kesho tunafunga shule, kwa hiyo usitume tena huku.

Bibi hali chakula. Anajipakulia, anakigeuzageuza kwa kijiko, halafu ananisogezea sahani. Mimi ndiye ninayemaliza. Maji yanamrudia puani. Kinachopita ni barafu tu, nayo kwa taabu. Anakohoa, anapumzika, tunaanza tena.

Hospitali hataki kusikia. Anasema ukijua utakuja, ukija utakuwa umevunja mkataba, hawatakupokea tena huko, na shule yangu itaishia hapo. Ameniapisha. Mama, mimi hata dukani naagiza kwa kuonyesha kidole. Ningebishana naye kwa mdomo gani?

Niambie nifanye nini, nitafanya. Kwa sasa naendelea na barafu, maana bila hiyo hatakuwa na kitu tumboni.

Nisamehe.

Mwanao


22 Aprili

Mwanangu,

Barua yako imenifikia leo. Acha kumpa barafu. Iache kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Kwa mtu ambaye koo lake halifungi sawasawa, barafu ni maji tu. Inayeyuka mdomoni, inapotea njia, inaingia kifuani. Hapa tunawanyima wagonjwa wa namna hiyo hata wakiililia. Kikohozi chake ndicho hicho. Na kikipungua ghafla usifurahi, huenda mwili umechoka kujitetea. Ukiona homa, au pumzi yenye sauti ya maji, usingoje hata dakika. Mkimbilie fundi cherehani, yule ana mdomo, mwambie atafute gari. Bibi mtamwomba radhi baadaye.

Mimi ndiye niliyekwambia baridi ni dawa. Kosa ni langu. Hilo lishike.

Simu ya Bibi haipatikani. Ya shule inaita tu. Msimamizi amenikumbusha mkataba, nikavua aproni nikamwachia mezani. Nasafiri Jumamosi. Hii naituma nyumbani kwa njia ya haraka, labda itanitangulia.

Mama yako


23 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Jibu lako halijafika bado, naenda posta kila asubuhi. Usihangaike kupiga simu, Bibi ameizima na kuilalia. Anasema kikohozi chake kitakufukuzisha kazi. Barua hii sijamsomea.

Lakini nina habari njema. Kikohozi kimepungua, leo karibu hakipo kabisa. Ni homa tu imempanda. Anasema mdomo unawaka, kwa hiyo barafu anaidai mwenyewe, simbembelezi tena. Nimemtengenezea ya tikiti maji, nyepesi kuliko zote, nikamlisha kijiko kwa kijiko. Amemaliza bakuli zima. Nilitamani ungemwona.

Sasa amelala, ingawa ni mchana. Namsikia mpaka huku jikoni, anakoroma kama chungu kinachotokota. Fundi cherehani alichungulia dirishani akauliza, "Huyo bibi yako vipi?" Nikamtabasamia tu. Akasema, "Haya, Kimya," akaenda zake.

Bakuli jingine liko kwenye friza, linaanza kushika. Akiamka nitampa.

Mwanao,
Kimya