Meza ya Vita Imekwenda Tunduru

Bombambili,
Songea.
22 Agosti, 1993.

Mpendwa kaka Aidan,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Bukoba, wewe, wifi Hilda na watoto. Sisi hatujambo, ila baridi ya mwaka huu imekuwa kali na kahawa imechelewa kukauka.

Mzee Salum, yule askari mwenzake baba wa vita vya Burma, alifariki wakati wa masika. Barabara ilikuwa haipitiki, habari zikachelewa. Siku habari hizo zilipotufikia, baba hakula.

Unaikumbuka ile meza ndogo ya baba ya kuandikia, inayokunjwa ikawa sanduku, yenye ngozi ya kijani ndani. Afisa wao alipouawa, baba ndiye aliyeirithi, na juu yake akawaandikia askari wasiojua kuandika barua zao za nyumbani, Salum akiwamo. Baba alipojeruhiwa, Salum aliibeba kichwani mpaka wakatoka msituni. Mwaka huu alikuja mnunuzi wa vitu vya kale kutoka Dar es Salaam, na mdogo wetu Rupert akawa ameshakubali kumwuzia. Siku hizi kila kitu kina mnunuzi. Baba akasema, "Hiyo inakwenda kwa mke wa Salum."

Basi Bi Biasha alipotoka eda, nilimsindikiza baba kwa lori hadi Tunduru. Mama yule aliipokea meza, akaipapasa muda mrefu, kisha akauliza:

"Shemeji, Salum hakujua kuandika, hilo nalijua. Mkono ulikuwa wako. Na yale maneno ya barua zake, yalikuwa ya nani?"

"Yake yote, shemeji. Mimi nilishika kalamu tu."

Bi Biasha akajifunika uso kwa kanga, akalia. "Alhamdulillahi," akasema. "Maana hapa nyumbani hakuwahi kuniambia hata moja."

Wakati wa kurudi tulipita Namtumbo. Ndipo akaniambia, "Lidwina, Salum alikuwa akisema tu, mwandikie nipo hai. Mengine nilitunga mimi. Nilikuwa kijana, sina wa kumwandikia."

Jumapili iliyofuata kanisani, watu walipokwenda kukomunika, baba alibaki ameketi kwenye benchi. Mama akadhani ni uchovu wa safari, nami nimemwacha adhani hivyo. Ukija Krismasi, tafadhali usiliguse jambo hili mbele ya mama.

Wasalimie wifi, Oliva na Leo mdogo. Rupert na mama wanawasalimu sana. Mungu awafunike huko mliko, ampumzishe Mzee Salum, na baba umwombee.

Ni mimi mdogo wako akupendaye daima,

Lidwina